Mwangati na msaipresi: ujirani uliowashangaza watafiti

Mwaka 1990 nyua za misaipresi zilizozunguka nyumba, shule na makanisa katika nyanda za juu za Kenya zilianza kubadilika rangi. Matawi yaliyokuwa kijani kibichi yaligeuka manjano, kisha kahawia, na baada ya muda uzio mzima ukawa kama umepitiwa na moto. Ukikaribia, vitawi vilikuwa vinanata kwa majimaji matamu, sisimizi wakipanda na kushuka, na ukungu mweusi umetanda juu ya majani. Ndani ya mashamba ya serikali, ambako msaipresi ulikuwa umepandwa kwa maelfu ya hekta, hali ilikuwa hiyohiyo.

Aliyefanya kazi hiyo ni kidukari, mdudu mwenye urefu wa milimita chache tu, anayeishi kwa kufyonza utomvu wa vitawi. Alikuwa ameonekana Malawi mwaka 1986 na Tanzania mwaka 1988, na katika miaka michache alikwisha kuenea Uganda, Rwanda, Burundi na Zimbabwe. Hesabu zilizofanywa na wataalamu baada ya wimbi la kwanza zilikadiria kwamba miti iliyokauka katika ukanda huu ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 40 za Marekani, na kwamba ile iliyobaki hai ilikuwa ikipoteza ukuaji wenye thamani ya zaidi ya dola milioni 13 kila mwaka.

Hasara hiyo ya mbao ndiyo iliyozungumzwa zaidi. Lakini watafiti waliopanda milimani waliona jambo la pili: kidukari hakuishia kwenye miti ya kupandwa. Alikuwa pia kwenye mwangati, mti wa asili unaoota katika milima hii tangu zamani za kale. Tatizo la wenye viwanda vya mbao likawa tatizo la msitu mzima. Tangu hapo, utafiti wa miti hii miwili umekuwa ukirudi kwenye hoja moja: msitu uliopandwa na msitu wa asili ni majirani wanaogawana wadudu, magonjwa, udongo na mvua, hata kama kwenye ramani wametenganishwa na mstari.

Ujirani huo una mizizi ya ukoo. Watu wengi huuita mwangati mwerezi, na msomaji wa Biblia hukumbuka mara moja mierezi ya Lebanoni iliyojenga hekalu la Sulemani. Kwa wanabotania hiyo ni miti tofauti. Mwerezi wa Lebanoni, pamoja na ndugu zake wa milima ya Atlas na Himalaya, uko katika familia ya misonobari. Mwangati, ambao Wakenya wengi huujua kama mutarakwa na wanasayansi huuita Juniperus procera, uko katika familia ya msaipresi. Kwa kidukari aliyezoea utomvu wa familia hiyo, kuhama kutoka msaipresi hadi mwangati si safari ndefu.

Mwangati una historia ya kipekee. Aina nyingi za miti ya jenasi yake huishi kaskazini ya dunia, Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini. Huu peke yake ndio uliovuka ikweta wenyewe na kuota kusini yake. Unaanzia milima ya Saudi Arabia na Yemen, unapita Eritrea, Ethiopia na Somalia, unashuka Kenya na Tanzania hadi Malawi, na masalia machache yapo Zimbabwe. Hupenda milima iliyo kati ya mita 1,800 na 3,000 hivi, hasa upande usio na mvua nyingi. Kwenye Kilimanjaro, kwa mfano, hutautafuta upande wa kusini wenye unyevu. Unaukuta kaskazini, kuelekea Rongai. Katika Kenya uko Mau, Aberdare, miteremko ya magharibi na kaskazini ya Mlima Kenya, na msitu wa Leroghi karibu na Maralal. Mti mkubwa hufika mita 40, na hakuna ndugu yake wa jenasi hiyo duniani anayeuzidi kwa urefu.

Sifa iliyoupa bei ni kiini chake chekundu chenye harufu nzuri. Mafuta yaliyomo ndani yake huwachukiza mchwa, na nguzo ya mwangati iliyochimbiwa ardhini hudumu miaka mingi ambapo mti mwingine ungekwisha kuliwa. Mbao zake huchongeka kwa urahisi bila kupasuka, jambo lililowavutia watengenezaji wa penseli wakati miti waliyoitumia Marekani ilipoanza kuadimika. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga njia ya kamba za chuma kutoka Shume, juu ya milima ya Usambara Magharibi, hadi Mkumbara bondeni, ili magogo ya mwangati yateremshwe hadi kwenye reli ya Tanga. Katika Kenya, mwangati ulikatwa kwa nguzo, vigae vya mbao na vibanzi vya penseli.

Tatizo lilijulikana mapema: mwangati hukua polepole mno. Maofisa wa misitu wa wakati wa ukoloni walitaka mti utakaotoa magogo ya kupasua ndani ya maisha ya mtu mmoja kazini. Waliupata katika milima ya Meksiko na Amerika ya Kati. Huo ndio msaipresi tunaoujua leo, Cupressus lusitanica, ulioletwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Katika udongo mzuri wa milimani hufikia umri wa kuvunwa kwa mbao kwa takriban miaka 30. Ulipandwa kwa utaratibu wa shamba, ulioanza Kenya mwaka 1910: mkulima anapewa kipande cha msitu uliofyekwa, analima mahindi, viazi na maharage, na kati ya mistari ya mazao anatunza miche hadi itakapofunika ardhi kwa kivuli. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya ardhi iliyokuwa na mwangati ilivyogeuka kuwa mashamba ya msaipresi, huku pembeni yake msitu wa asili ukibaki.

Pamoja na msaipresi wa Meksiko, ulipandwa ndugu yake kutoka pwani ya California, Cupressus macrocarpa. Huu ulikua kwa kasi na kupendwa. Kisha ukaja ugonjwa wa donda la gome. Kuvu hupenya kwenye gome, sehemu hiyo hudidimia na kutoa ulimbo, na donda likizunguka tawi au shina, sehemu yote ya juu hufa. R. M. Nattrass, mtaalamu wa magonjwa ya mimea nchini Kenya, aliuchunguza ugonjwa huo kwa miaka mingi, na mwaka 1963 yeye na wenzake walichapisha maelezo kamili ya kuvu huyo. Wakati huo macrocarpa ulikuwa umekwisha kuachwa katika mashamba ya mbao. Msaipresi wa Meksiko ulistahimili zaidi, na ndio ulioendelea kupandwa. Wanasayansi wa Muguga, karibu na Nairobi, walianza kuchagua miti iliyonyooka na isiyo na madonda, kuipandikiza, na kuanzisha bustani za mbegu ambazo vizazi vilivyofuata vya mashamba vilitokana nazo.

Muguga ilikuwa makao ya taasisi ya pamoja ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki, na leo ndiyo makao makuu ya KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya iliyoundwa mwaka 1986. Upande wa Tanzania, kituo cha utafiti wa ukuzaji miti kilifunguliwa Lushoto mwaka 1951, na sasa kiko chini ya TAFORI, iliyoanzishwa mwaka 1980. Kazi nyingi zinazosimuliwa hapa zilipitia katika vituo hivi.

Mojawapo ilihusu bungua. Kuna mbawakawa mwenye papasi ndefu, Oemida gahani, ambaye ni mwenyeji halisi wa misitu yetu. Mabuu yake hutoboa mbao za mwangati na miti mingine ya asili. Mashamba ya msaipresi yalipokua, mbawakawa huyu aliyahamia. Magogo yaliyoonekana mazima kwa nje yalikutwa yamejaa mashimo ndani. Watafiti wa wadudu wa Muguga walifuatilia njia yake na kugundua kwamba haingii kwenye mti mzima usio na jeraha. Hupitia visiki vya matawi yaliyokauka, makovu ya kupogoa na gome lililochubuliwa na tembo au nyati. Ushauri uliotoka hapo bado unatumika: matawi yapogolewe mapema yakiwa membamba, yakatwe karibu na shina, ili kidonda kifunge kabla ya mbawakawa kutaga mayai.

Kwa hiyo kabla ya kidukari kufika, kulikuwa na mfano wa mdudu aliyevuka kutoka mti wa asili kwenda mti mgeni. Kidukari alivuka kwa upande wa pili.

Mwezi Juni 1991 wataalamu wa nchi zilizoathirika walikutana Muguga kuzungumzia vidukari wageni wa misaipresi na misonobari barani Afrika. Kunyunyiza dawa kungeokoa ua wa nyumba moja, lakini si msitu wa mlimani wenye chemchemi za maji zinazotegemewa na miji. Kidukari mwenyewe ana njia ya kuzaa inayotisha: katika ukanda huu majike huzaa bila dume, na huzaa watoto hai badala ya mayai. Mmoja akifika na upepo anatosha kuanzisha kundi. Mate yake yana sumu inayoua tishu za kitawi, na ndiyo maana tawi huendelea kukauka hata baada ya vidukari kuondoka.

Njia iliyochaguliwa ni kumtafuta adui wake wa asili. Ili kufanya hivyo ilibidi kwanza kujua kidukari ni nani na ametoka wapi, na hapo ndipo kazi ya maabara ilipodhihirisha thamani yake. Mwanzoni alidhaniwa kuwa aina iliyojulikana tangu zamani Ulaya, Cinara cupressi. Uchunguzi wa makini wa maumbile, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba ni aina nyingine, iliyopewa jina Cinara cupressivora, ambayo asili yake ni eneo la kuanzia mashariki ya Bahari ya Mediterania kuelekea Bahari ya Kaspi. Maana yake, msaipresi wa Meksiko ulishambuliwa barani Afrika na mdudu wa Mediterania: viumbe viwili ambavyo visingekutana bila mkono wa mwanadamu.

Hata kabla ya jina hilo kuchapishwa, taasisi ya kimataifa ya udhibiti wa kibiolojia ikishirikiana na KEFRI na idara za misitu za nchi jirani ilileta nyigu mdogo kutoka Ulaya, Pauesia juniperorum. Nyigu huyu hataabishi watu. Hutaga yai moja ndani ya kidukari. Buu hula kidukari kutoka ndani, na mwishowe hubaki ganda kavu ambalo nyigu mpya hutoka kwa kutoboa tundu la mviringo. Kabla ya kuachiliwa, alichunguzwa katika karantini ili kuhakikisha hatageukia wadudu wengine wenye faida. Aliachiliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 katika nchi kadhaa, na Kenya na Malawi aliota mizizi na kuendelea kuishi mwenyewe.

Misaipresi haikuisha. Mashamba yalipandwa tena, nyua zikachipua, na kidukari akabaki kuwa mdudu wa kuangaliwa, hasa miaka ya ukame. Nyigu hakufanya kazi hiyo peke yake. Katikati ya mistari ya miti iliyokauka, watafiti wa KEFRI waliona miti iliyobaki kijani. Walikusanya uzao wake, wakaupima dhidi ya vidukari, na mwaka 1997 matokeo yaliyochapishwa yalionyesha kwamba ustahimilivu huo hurithiwa kutoka kwa mti mzazi hadi mche. Bustani za mbegu zilizoanza kwa ajili ya kunyooka kwa shina zilipata kigezo kingine cha uteuzi.

Mwangati haukuwa na bustani kama hizo. Hapo ndipo tofauti ya majirani hawa inapouma. Msaipresi ulikuwa na soko, vitalu, bajeti na wataalamu waliolipwa kuutazama. Mti wa asili ulioshambuliwa na mdudu yuleyule ulitegemea zaidi bahati yake. Malawi inatoa onyo kali. Mti wa taifa wa nchi hiyo, mwerezi wa Mulanje, ambao pia ni wa familia ya msaipresi na huota kiasili kwenye Mlima Mulanje peke yake, ulishambuliwa na kidukari huyu huku ukiandamwa na moto na ukataji haramu. Leo miti mikubwa imekwisha karibu yote, na mti huo umeorodheshwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tangu mwaka 2016 wanavijiji wanaoishi chini ya mlima wamekuwa wakikuza miche kwenye vitalu na kuipanda upya, kwa msaada wa mashirika ya uhifadhi na bustani za mimea.

Utafiti wa udongo nao una mengi ya kusema. Mwaka 1978 Björn Lundgren, mtaalamu wa Sweden ambaye baadaye aliongoza kituo cha kilimo mseto cha ICRAF jijini Nairobi, alichapisha uchunguzi wake wa nyanda za juu za Tanzania, akilinganisha udongo wa msitu wa asili wa Usambara na ule wa mashamba ya msaipresi na msonobari. Alionyesha jinsi mboji na virutubisho vinavyoweza kupungua msitu unapofyekwa, ukalimwa, ukapandwa aina moja ya mti, kisha magogo yakaondolewa. Kizazi cha kwanza cha miti hufaidi rutuba iliyorithiwa. Vizazi vinavyofuata vinahitaji kutunziwa ardhi. Kuacha matawi na majani yaoze shambani badala ya kuyachoma ni hatua ndogo yenye faida ya moja kwa moja.

Lakini shamba la msaipresi si jangwa. Katika msitu wa Munessa-Shashemene, kusini mwa Ethiopia, watafiti wa nchi hiyo wakiwemo Feyera Senbeta na Demel Teketay walihesabu miche ya asili iliyoota yenyewe chini ya miti ya kupandwa, na mwaka 2002 wakaeleza kwamba kivuli cha miti migeni kinaweza kuwa kitalu cha msitu wa asili, mradi mbegu ziwepo karibu. Ndege huleta mbegu, miti iliyopandwa huzuia jua kali na nyasi, na baada ya miaka kadhaa miche ya asili hujaa chini. Neno lililobeba uzito hapo ni karibu. Pasipo na msitu wa asili jirani, hakuna mbegu ya kuletwa.

Kwa mwangati wenyewe kuna ugumu wa ziada. Miti dume na jike ni tofauti, na matunda yake ya rangi ya bluu iliyoiva husambazwa na ndege. Miche yake haipendi kivuli. Tangu miaka ya 1930 mwanamisitu S. H. Wimbush alieleza kwamba misitu mingi ya mwangati ya Kenya ilionekana kuwa na miti ya rika moja, dalili kwamba iliota pamoja baada ya moto kufungua ardhi. Bila uwazi wa namna hiyo, mizeituni ya mwitu na miti mingine yenye majani mapana huchukua nafasi. Moto ukija mara kwa mara, au mbuzi wakila miche, mwangati pia haupati nafasi. Kuulinda kwa kuuzungushia ua na kuuacha hivyo hakutoshi. Unahitaji watu wanaojua lini na wapi pa kufungua mwanga.

Kuna jambo jingine ambalo mwangati peke yake unaweza kutupa: kumbukumbu ya mvua. Katika Ethiopia, ambako sehemu nyingi zina msimu mmoja mkuu wa mvua, mti huu huweka pete ndani ya shina, nene mwaka wa neema na nyembamba mwaka wa ukame. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha miti ya maeneo yaliyo mbalimbali nchini humo na kukuta pete zake zinapanda na kushuka pamoja kufuata mvua. Katika nchi ambazo vipimo vya mvua vilianza juzi, shina la mwangati ni hati ya miaka mia na zaidi. Kusoma hati hiyo kunataka uangalifu, kwa sababu penye misimu miwili ya mvua mti unaweza kuweka pete mbili kwa mwaka, na mwaka mbaya sana unaweza usiache alama yoyote.

Mvua ndiyo pia inayowatia watafiti wasiwasi. Katika hifadhi ya Raydah, kwenye milima ya Asir nchini Saudi Arabia, uchunguzi wa miaka ya 1990 ulikuta miangati ya miteremko ya chini ikikauka kuanzia kileleni, wakati ya juu ilikuwa na afya. Katika Jabal Akhdar nchini Oman, aina nyingine ya ukoo huo ilionyesha sura ileile: chini ya mita 2,400 hivi miti ilikuwa imedhoofika na miche haikuonekana, na juu zaidi msitu ulikuwa unajizalisha. Joto linapopanda, mti wa mlimani huelekea juu, na mlima una mwisho.

Kwa mtu mwenye ua wa msaipresi au kipande cha miti ya mbao, matokeo haya yote yana matumizi ya leo. Mbegu inunuliwe kutoka chanzo kilichothibitishwa na KEFRI, TAFORI au wakala wa mbegu, si kuokotwa chini ya mti wowote. Kupogoa kuanze mti ukiwa mdogo. Mstari wa miti ya asili ya mlimani, mwangati ukiwemo pale ambapo hali ya hewa inaruhusu, upandwe kando ya shamba. Na tawi la ndani likianza kugeuka manjano msimu wa kiangazi huku vitawi vikinata, ofisa misitu wa wilaya au kaunti apewe habari mapema, kabla upepo haujabeba vidukari kwenda kwenye msitu wa asili ulio juu yake.